Undugu wa Desemba

Mimi na mama watoto tumestaafu. Kila Novemba tunaikimbia theluji ya Michigan, tunateremka na barabara ya I-75 siku mbili hadi Florida. Kilomita kama 1,900, mgongo unalia. Lakini safari si kero. Kero ni simu. Mwaka mzima kimya, Desemba ikibisha hodi tu: “Shikamoo mjomba! Eti mko karibu na Orlando, kule kwenye viwanja vya burudani vya Disney?” Wanakuja sita, chumba cha wageni kimoja. Juzi saa kumi alfajiri naenda msalani, nikamkanyaga mtoto wa mtu kalala koridoni, kavaa masikio ya Mickey. Maziwa yameisha, taulo zote zimelowa, na baba yake ananiuliza, bila haya, funguo za gari la gofu ziko wapi.