Kijana Anayepeleka Hesabu Kila Siku Nidhamu Anayo

Wiki hii nilikaa kwenye semina ya vijana na fedha. Ukumbi ulijaa madereva wa bodaboda, wauza mitumba, mabinti wa mama lishe. Mtoa mada akaanza kwa kusema vijana wa siku hizi hawana nidhamu ya pesa, akamalizia kwa kuwataka watenge asilimia 20 ya mshahara kila mwisho wa mwezi. Dada mmoja muuza viatu akanyoosha mkono: "Samahani kaka, sisi hatuna mwisho wa mwezi. Tunapata leo, ya kesho hatuijui." Akajibiwa kwamba hivyo ni visingizio. Nilitoka pale nimekasirika, na hasira yenyewe haijaniisha.

Chukua kijana wa bodaboda mwenye mkataba, yule anayelipia pikipiki ya tajiri kidogo kidogo hadi iwe yake. Tuseme hesabu yake, ile pesa anayompelekea tajiri, ni 10,000 kwa siku. Mvua inyeshe, trafiki amkamate, mtoto augue, jioni tajiri anataka hesabu. Na kijana anaipeleka. Kwa mwaka mzima hiyo ni 3,650,000, na hapo bado mafuta, oili, pancha na chakula chake mwenyewe. Mtu anayeweza kufanya hivyo siku baada ya siku, halafu tukasimama mbele yake na kumwambia hana nidhamu, tunamkosea sana. Nidhamu anayo. Anachokosa ni mtu wa kumdai hesabu kwa faida yake mwenyewe.

Ndiyo maana mimi nautetea mchezo, huu wa mtaani, wa kupokezana, ambao wasomi wetu wanauona ni mambo ya kina mama. Kijumbe wa mtaani kwetu, yaani anayekusanya na kugawa pesa ya mchezo, ni mama muuza vitenge. Ana daftari la kaunta lenye jalada gumu, kalichora mistari kwa rula: majina kushoto, tarehe juu. Aliyetoa anapigwa tiki ya bluu, ambaye bado anazungushiwa duara jekundu. Saa kumi na moja jioni anapita kibanda kwa kibanda, maneno yake ni machache: "Mwanangu, ya leo." Wako watu 20, kila mmoja 5,000, kila siku mmoja anaondoka na 100,000. Baada ya siku 20 kila mtu amepokea.

Atatokea mtu aseme hakuna faida hapo, unarudishiwa kilekile ulichotoa. Ni kweli, riba hakuna. Lakini laki moja iliyoshikana na elfu tano ishirini zilizopita mfukoni kwa nyakati tofauti hazifanyi kazi moja. Zile elfu tano zinaishia kwenye vocha, soda, na rafiki anayekopa nauli. Laki iliyoshikana inamtoa muuza viatu kwenye kuuza mzigo wa mtu kwa kamisheni, naye anachagua wa kwake. Na kinachomfanya atoe kila jioni ni kwamba zamu ya leo ni ya mwenzake, anamjua kwa jina, wanakaa kijiwe kimoja. Asipotoa, atamwangaliaje?

Vijumbe waliokimbia na pesa za watu wapo, sikatai. Kwa hiyo cheza na watu ambao kwao unakujua, mzunguko uwe mfupi, na pesa isilale kwa kijumbe hata usiku mmoja: iliyokusanywa leo itoke leo. Nakubali pia, shingo upande, kwamba wapo vijana wanaomaliza kila shilingi kwenye mikeka ya kubeti. Wapo. Ila msiwafanye hao kuwa kipimo cha kizazi kizima.

Asiye na mahali pa kupata laki kwa pamoja ataifuata kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali, au kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni. Tunajua wengine wao walivyodai: ujumbe kwa bosi wako, kwa mama mkwe, kwa kila namba iliyomo kwenye simu yako. Aibu ileile inayomjenga mtu kwenye mchezo, hawa waliigeuza ikawa ya kumvunja. Hilo linaniuma kuliko hata riba yao.

Kibubu ni kizuri kwa chenji, ila kikae kwa shangazi, si chini ya kitanda chako. Pesa inayolala kwenye simu inatoka kwa kubonyeza tu, na kila inapotumwa inakatwa.

Ukishapokea mchezo mara ya pili au ya tatu, usiule wote. Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, taasisi ya serikali inayowekeza pesa za watu wengi kwa pamoja, upo tangu 2005, unaingia kwa kununua vipande 10 tu, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko huo. Thamani ya kipande hupanda na inaweza kushuka, kwa hiyo usipeleke huko kodi ya chumba. Peleka ile ambayo huihitaji karibuni.

Na wewe mdogo wangu wa bodaboda, hili nalisema kwako hasa. Siku unamaliza mkataba, kadi ya pikipiki iko mkononi, washikaji wanakupongeza, hapo ndipo wengi huwa wanaiacha hesabu ife. Usiiache. Ulishazoea kuishi bila hiyo elfu kumi. Nusu yake kula, umeitolea jasho, hakuna wa kukulaumu. Elfu tano iliyobaki mpelekee kijumbe, na uanze jioni ya kesho yake, kabla mkono haujazoea kukaa nayo.