Vita vina sheria, na sisi wa baharini inatuhusu

Msomaji aliyetangulia kuandika hapa kwamba "vita havina sheria, mafunzo haya ya vijana wa Lamu ni kupoteza muda", naomba nimjibu kwa heshima. Nami nilipitia mafunzo kama hayo ya sheria za vita hapa Amu, mji wa Lamu. Ipo Mikataba minne ya Geneva ya mwaka 1949, makubaliano ya nchi kuhusu sheria za vita, na wa pili wote ni wa baharini: majeruhi, wagonjwa na waliozamiwa na chombo.

Siku ya mafunzo nahodha mmoja, mtu mzima, alisimama na kofia yake mkononi akauliza: "Mwanangu, nikimpakia askari aliyejeruhiwa na bunduki yake iko ubavuni, si chombo changu kitapigwa?" Ukumbi ukanyamaza. Mkufunzi akajibu kwa mfano wa meli ya hospitali: silaha ndogo alizovuliwa majeruhi haziiondolei kinga yake ya kutoshambuliwa. Kinachoiondolea ni kutumiwa kumdhuru adui, na hata hapo lazima onyo litolewe kwanza. Nahodha akataka arudiwe mara ya pili, polepole.

Na wale wanaosema sheria hizi ni za nchi kwa nchi tu, wasome kifungu cha 3, kilicho karibu sawa katika mikataba yote minne. Kinahusu vita vya ndani ya nchi na kinafunga kila upande, serikali na waasi: usiue asiyepigana au aliyeweka silaha chini, usitese, usichukue mateka, majeruhi atibiwe.

Sheria huvunjwa, ndiyo, na inauma sana. Lakini asiyeijua atadai haki kwa neno gani? Wapelekeni wakufunzi Faza na Kiunga pia, wasiishie mjini.