Kuomba hataza dola 400, kuipinga dola 2,710: ada za Marekani zikitazamwa kutoka Lubumbashi

Fundi wa Katuba aliyebuni njia mpya ya kuosha madini anaweza kufungua ombi la hataza (haki ya kipekee juu ya ubunifu), au breve kama wengi wetu tunavyosema, katika ofisi ya hataza ya Marekani kwa ada za serikali zisizozidi dola 400. Kampuni kubwa hulipa dola 2,000 kwa ombi la aina hiyohiyo: 350 za kufungua faili, 770 za kutafuta kama jambo hilo liliwahi kujulikana, 880 za uchunguzi. Punguzo la asilimia 80 hupewa waombaji wadogo kabisa, wa uraia wowote. Mwombaji asiwe na mapato yanayozidi mara tatu ya mapato ya kati ya kaya ya Marekani, asiwe ametajwa kama mbunifu katika maombi zaidi ya manne yaliyotangulia huko, wala asiwe ameahidi haki zake kwa kampuni inayovuka kiwango hicho cha mapato. Ipo pia njia ya kupitia chuo kikuu, ila ni kwa vyuo vya Marekani tu. Mtafiti wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, atapita kwenye mlango wa mapato kama fundi.

Mafundi wengi hapa mjini hawajawahi kuambiwa habari hii, na inafaa waijue pamoja na gharama zinazofuata. Hataza ikishatolewa inatunzwa kwa ada mara tatu: miaka mitatu na nusu, saba na nusu, kumi na moja na nusu. Kwa mdogo kabisa jumla yake ni dola 2,894, na mwanasheria wa huko anaweza kudai zaidi ya ada zote hizo.

Jambo linalonisumbua ni ada ya upande wa pili, ile ya kupinga. Tangu 1981 mtu yeyote duniani anaweza kuiomba ofisi hiyo iichunguze upya hataza iliyokwisha kutolewa, akionyesha hataza za zamani au maandishi yaliyochapishwa yanayothibitisha kwamba jambo hilo halikuwa jipya. Kwa viwango vya Januari 2025, ombi hilo ni dola 13,545, au 6,775 lisipozidi kurasa 40. Biashara ndogo, mtu binafsi na shirika lisilo la faida hulipa asilimia 40 ya kiasi hicho. Punguzo la asilimia 80, hata hivyo, linabaki kwa mwenye hataza peke yake. Yule fundi wa dola 400 akitaka kupinga hataza ya mtu mwingine atalipa dola 2,710 au zaidi.

Maharage ya njano yanaonyesha uzito wa jambo hili. Larry Proctor wa Colorado alinunua mfuko wa maharage Mexico mwaka 1994, akapanda na kuchagua mbegu, na Aprili 1999 akapewa hataza ya maharage ya rangi hiyo. Akawashtaki waagizaji waliokuwa wakiyaleta kutoka Mexico, mahali yalikolimwa siku zote. CIAT, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Palmira karibu na Cali, Colombia, kiliomba uchunguzi upya Desemba 2000. Bodi ya rufaa ya ofisi ile ilizikataa hoja za Proctor mwaka 2008, na mahakama ikathibitisha Julai 2009. Muda wote huo hataza ilikuwa hai. Kituo chenye hazina ya mbegu na wanasayansi kilihitaji karibu miaka tisa. Wakulima waliokuwa wakiuza maharage hayo wangesimama na nini?

Haki inanitaka niseme pia kwamba wakati CIAT inaomba, ada ilikuwa dola 2,520 kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Kwa hiyo mdogo wa leo mwenye ombi fupi halipi zaidi sana ya yule wa wakati ule. Aliyepandishiwa kweli ni mkubwa. Na kuna sababu. Kazi hiyo hukabidhiwa wachunguzi wenye uzoefu, na ofisi inajiendesha kwa ada, si kwa kodi. Kinachopunguzwa kwa mmoja kinalipwa na mwingine. Tena ada ikiwa ndogo mno, kampuni yenye fedha inaweza kumwandama mbunifu mwenye hataza moja kwa ombi moja baada ya jingine, naye kila mara anatafuta mwanasheria. Mbunifu huyo anaweza kuwa ndugu yetu wa Lubumbashi.

Hoja iliyo nzito zaidi kwangu ni nyingine: anayeomba uchunguzi upya halazimiki kutaja anayemtuma. Punguzo la maskini likifunguliwa kwa wapinzani, tajiri atatafuta maskini wa kuweka sahihi. Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini mwombaji wa hataza naye anaapa juu ya mapato yake na kuaminiwa, akidanganya anaadhibiwa. Mpinzani angeweza kutakiwa kula kiapo kama hicho na kueleza nani anamlipia. Isitoshe, ombi dhaifu tayari lina kizuizi chake, kwa kuwa ofisi hulikataa lisipoleta swali jipya na zito. Naona sheria ingepaswa kuutegemea mtihani huo kuliko mfuko wa mtu, na punguzo la asilimia 80 lifike kwa mpinzani asiye na uwezo.

Upande wetu nao una mapengo. Sheria yetu ya mali ya viwanda ni ya tarehe 7 Januari 1982. Kongo haimo katika mashirika ya kikanda ya hataza ya Afrika, yaani OAPI ya Yaoundé na ARIPO ya Harare, wala katika mkataba wa ushirikiano wa hataza unaowawezesha majirani zetu wa Zambia kufungua ombi moja la kimataifa. Kilichobaki ni Mkataba wa Paris wa mali ya viwanda: ukifungua Kinshasa, una miezi 12 ya kufungua Marekani ukihifadhi tarehe yako ya kwanza.

Na uchunguzi upya unasikiliza maandishi tu. Dawa ya mizizi ambayo bibi wa Kasenga anaijua tangu utoto haina nguvu pale kama haijachapishwa na kupewa tarehe. Tafiti za UNILU juu ya mimea ya tiba ya Katanga, zikiwekwa wazi mahali mchunguzi wa Marekani anaweza kuzipata, zinaweza kuzuia hataza mbaya kabla haijatolewa, bila mtu wa hapa kulipa hata dola moja ya ada. Ila anayetaka hataza yake mwenyewe asitangulize kuchapisha. Marekani inamvumilia mwaka mmoja, lakini nchi nyingi humnyima haki siku ileile anapotangaza, kwa hiyo afungue faili kwanza.