Tuache kujipima na Marekani, tukajipime na Mexico

Kila nikipiga simu nyumbani lazima tufike ile sehemu ya "huko kwenu". Huko kwenu umeme haukatiki, huko kwenu barabara, huko kwenu hospitali, na mtu akishaanza hivyo mwisho wake ni kuiponda Tanzania mpaka basi, na mimi niko Texas nasikiliza tu nimechoka hata kubisha. Hivi kujilinganisha na Marekani kumemsaidia nani? Ni kuumizana roho tu. Nchi ya kujipima nayo mi nimeiona, iko hapa jirani, tumeizunguka upande wa kusini mimi na mke wangu kwa mabasi, mabegi mgongoni, tumeanzia Mexico City tukamalizia Mérida.

Na hapana, hela haijaisha. Shangazi yangu aliposikia tunatembea kwa basi alimpigia mama kuuliza kama nimeachishwa kazi, maana kwa watu wetu ukishavuka maji wewe ni mtu wa ndege, basi ni la ambaye mambo yake hayajakaa sawa. Shangazi hajui kwamba hapa ninapokaa mtu asiye na gari ni mfungwa. Hata njia ya kutembea kwa miguu hakuna, maziwa yakiisha unawasha gari, na unaweza kumaliza wiki nzima hujagusana bega na mtu. Kile kitu cha kukaa siti moja na mama usiyemjua akakupa mahindi ya kuchoma na akataka kujua umeoa au hujaoa, mi nilikuwa nimekisahau kabisa.

Tuanzie stendi sasa. Pale Mexico City mabasi ya kwenda kusini na mashariki yanaondokea TAPO, dude la mviringo lenye kuba juu. Tulikata tiketi ya ADO, kampuni kubwa ya mabasi kule, ina jina lako, namba ya siti na saa ya kuondoka. Begi kubwa unamkabidhi kijana ubavuni mwa basi, anafunga karatasi yenye namba, kipande anakupa wewe, na kule unakoshukia bila kipande hupewi begi hata ulie. Mimi nimekulia Korogwe, naikumbuka Ubungo ile ya zamani, begi kabeba mpiga debe huyu, mkono kashika mpiga debe yule, wote wanaapa basi linaondoka sasa hivi na ndani hata dereva hayupo. Najua tumehamia Mbezi tangu 2021 na tiketi za mtandao zipo, sikatai, tumesogea. Ila TAPO saa ya kwenye tiketi ilipofika basi likaondoka na siti tupu kibao. Hicho ndo kilinishtua kuliko kiyoyozi na kuliko choo cha nyuma, basi kuondoka halijajaa.

Kiyoyozi chenyewe kinaua lakini. Nje joto, wenyeji wanapanda na mablanketi mi nawacheka, kumbe wanajua, usiku kucha mke wangu kajifunga kanga mbili na soksi zangu kavaa yeye.

Sasa hoja yangu ni hii. Mexico sio tajiri kihivyo. Rushwa wanayo, askari wa barabarani mnamalizana palepale, matuta barabarani kila baada ya nyumba tatu kuliko hata sisi, na magenge ya dawa za kulevya yanaua watu kwa namna ambayo kwetu haipo na tumshukuru Mungu. Wana kila sababu tunayotoa sisi. Na bado basi linaondoka kwa saa yake. Kwa hiyo ukiniambia Tanzania haiwezi kwa sababu ni maskini nakuuliza wale wa Oaxaca, ambao ni moja ya majimbo maskini kabisa kule, wao wameweza vipi?

Mke wangu hapo hakubaliani na mimi na aliniambia palepale ndani ya basi. Yeye ni wa Bukoba, na Mhaya akishaamua kubishana ujue safari haitakuwa na usingizi. Akasema baba, hilo ni basi la daraja la kwanza, mpishi wa ile hoteli yetu hapandi hili, ukitaka kulinganisha twende tukapande wanalopanda wao. Haya tukaenda. Pale Oaxaca stendi ya daraja la pili iko karibu na soko kubwa la Abastos, na kweli nilicheka mwenyewe, watu wanaita mji gari linakokwenda, "Mitla! Mitla! Mitla!", kwa sauti ileile ya stendi ya Msamvu, Morogoro. Magari yao madogo mengi ni haisi zilezile za kwetu, mnabanana vilevile, nauli inapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa dereva na chenji inarudi kwa njia hiyohiyo na haipungui hata shilingi. Konda hakuna! Mke wangu akaniangalia kwa jicho la "nilikwambia", mi nikamwambia ona basi hata hii haina mtu wa kukutukana.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia kabla ni nyumba. Ukitoka mjini ukaenda vijijini huko Oaxaca unaona gorofa mbili katikati ya mahindi, chini wamepaka rangi ya pinki kali, juu tofali tupu na nondo zimechomoza zinasubiri hela ya mwezi ujao. Nikamwambia mke wangu hii si Rombo hii? Ni nyumba za walioko Los Angeles na Chicago. Mwaka 2023 Wamexico walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 63, na asilimia kubwa inatoka Marekani. Mama mwenye nyumba tuliyolala aliposikia tunatoka Texas alikuja na picha ya mwanae kwenye simu, akatuonyesha na chumba alichomjengea, kitanda kimetandikwa, nailoni ya godoro haijatolewa. Kijana hawezi kuja kukilalia kwa sababu akitoka Marekani kurudi ndani hakuna, makaratasi hana. Na mimi nawajua Watanzania na Wakenya hapa hapa Texas wako hivyohivyo, wamezika baba na mama kwa simu, mtu kashika simu juu ya kaburi huko kijijini na huku jamaa amekaa kwenye gari nje ya kazini anaangalia. Haya mambo kwenye "huko kwenu" hayamo.

Chakula sitaongea sana maana nitaharibu maandishi. Panzi wa kukaanga wenye ndimu na pilipili mke wangu alikula sahani nzima akasema senene ni bora, huo ni ushabiki na mnaujua. Juisi ya ukwaju ipo kila kona, choya ipo, na mahindi ambayo sisi tunayaita chakula chetu asili ndo yametoka kule Mexico, wameyalima maelfu ya miaka, sisi kwetu yana karne chache tu. Wanayachemsha na chokaa kwanza ndo wanasaga. Chokaa kabisa. Nilionja chapati zake za moto nikanyamaza.

Kutoka Oaxaca kushuka baharini Puerto Escondido zamani ilikuwa saa sita saba za kona na watu kutapika, barabara mpya imefunguliwa Februari 2024 na sasa ni kama saa tatu. Ukifika pwani ukielekea magharibi mpaka Cuajinicuilapa unakutana na watu weusi kama sisi, vizazi vya waliopelekwa utumwani enzi za Wahispania. Dada wa dukani alinisemesha Kispania cha haraka akanikasirikia sijibu, alidhani naringa. Hao watu katiba ya nchi yao imewataja rasmi 2019 tu, na sensa ya 2020 ndo ikawahesabu vizuri, zaidi ya milioni mbili na nusu. Mpaka leo wanasimulia wakisafiri wanashushwa kwenye mabasi na kuambiwa waimbe wimbo wa taifa ili ijulikane ni Wamexico kweli.

Na hilo la kushushwa tukalionja. Njia ya kwenda jimbo la Chiapas basi linasimamishwa usiku, taa zinawashwa, wanapanda watu wawili na tochi, wanatembea taratibu wanaangalia nyuso. Basi zima wanaombwa pasi watu wanne, sisi wawili na vijana wawili wenye sura za Kimaya, yaani wenyeji wa asili wa kule, ambao wako kwao. Tulionyesha, wakasema asante, tukaendelea. Hakuna aliyetutukana lakini sikulala tena. Baadaye nikaja kusoma kwamba mahakama ya juu ya Mexico ilishasema mwaka 2022 ukaguzi wa namna ile unakiuka katiba, na kesi yenyewe ilifunguliwa na vijana Wamaya wa Chiapas waliokamatwa kwa kudhaniwa ni wageni. Kwa hiyo Mexico ina lake pia, na hapa siisafishi.

Stendi ya Juchitán ndo nilipata kitu ambacho sikukitegemea. Tunabishana mimi na mke wangu kwa Kiswahili kuhusu maji ya kunywa, jamaa mmoja aliyelala chini kaegemea ukuta akainua kichwa, "Bandugu, muko ba Tanzania?" Mtu wa Uvira, Kongo. Alipanda ndege mpaka Brazil, kutoka hapo ni mabasi na miguu, msitu wa Darién, ule wa kati ya Colombia na Panama, kaupita, nchi zote za katikati kazipita, anaelekea kaskazini. Tulikaa naye tukala wote, akaongea mambo ya msituni ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mi nikajiona mjinga na begi langu la mgongoni la bei, maana yeye na mimi tumepanda mabasi ya barabara ileile. Alichotaka kujua kwangu ni kitu kimoja, mtu asiye na gari Texas anafikaje kazini? Nikamwambia ukweli, kwa lifti za wenzako mpaka ununue lako. Akatikisa kichwa akasema basi bado sijafika.

San Cristóbal napita haraka, mji mzuri wa milimani, baridi ya Lushoto, kule ndo Wazapatista, waasi wa Chiapas, waliingia na silaha Januari mosi 1994. Kutoka hapo kwenda Palenque njia fupi ya Ocosingo ina sifa ya watu kufunga barabara na utekaji, basi letu likazunguka kwa Villahermosa masaa mengi ya ziada, na huko nako tukakuta wanakijiji wameweka magogo wanadai mambo yao na serikali. Nikaanza kulalamika, mke wangu akanikumbusha Biharamulo, mabasi ya Bukoba yalikuwa yanapita porini kwa msafara na polisi wenye bunduki, na mlikuwa mnalazimika kulala njiani kwa sababu kutembea usiku ilikuwa marufuku mpaka 2023. Hapo nilikaa kimya maana sisi wa Korogwe tumezoea kufika Dar siku hiyohiyo, tena mchana.

Ila kilichonigusa zaidi ni Yucatán. Unatoka Mérida kidogo tu, nikaona mkonge, ile aina yao inayoitwa henequen. Mistari na mistari, na reli ndogo za kubebea majani, na korona, yaani kiwanda cha kuchakatia mkonge, ya zamani yenye mashine imesimama. Babu yangu alikuwa manamba, alikata mkonge mpaka mgongo ukagoma, mimi nimekua nanusa ile maji ya korona. Na mkonge wetu asili yake ni huku! Mjerumani Hindorf aliagiza miche mwaka 1893, mbegu ya Yucatán iliyopitia Florida, ikafika hai miche 62 tu, ikapandwa kule Pangani, na miaka ya 1960 Tanganyika ndo ikawa inaongoza dunia nzima. Huku nako Wamaya walifungwa na madeni kwenye mashamba ya matajiri, na Wakorea wakaletwa kwa meli 1905 kuongezea nguvu. Halafu nailoni ikaja ikatumaliza wote.

Tofauti ni baada ya hapo. Wao yale majumba ya mashamba wamepaka rangi, watalii wanalipa kupanda kile kitoroli cha farasi, mzee aliyekuwa mkataji anakuonyesha jinsi ya kuchakata jani na analipwa kwa hilo. Kwetu nenda ukaangalie majumba ya mashamba ya mkonge kuanzia Muheza mpaka Korogwe, bati limeng'olewa, mti umeota sebuleni. Nilisema hivi kwa hasira kabisa. Mke wangu akauliza, na hii hoteli ya kwenye shamba mwenye nayo ni huyu mzee au ni mjukuu wa tajiri? Sikuwa na jibu na bado sina, lakini mi nasema heri mzee anayelipwa kidogo kuliko jumba linaloangukia mbuzi.

Tumerudi bado hatujakubaliana. Yeye anadai nimeangalia Mexico kwa macho ya mtu mwenye dola, mimi nasema ndo maana nimepanda na haisi. Tumekubaliana jambo moja tu, Desemba tunashuka Dar tunapanda basi la usiku mpaka Bukoba na begi zilezile, na gharama analipa yeye.

Kwa wanaotaka kwenda: ukiwa na visa hai ya Marekani au grinikadi huhitaji visa ya Mexico hata kama pasi yako ni ya Tanzania au Kenya. Pasi ikae mwilini sio kwenye begi la chini ya basi. Na beba blanketi.