Bushi Moja, Washauri Mtaa Mzima

Hivi nani aliwaambia mafundi wa mjini kwamba bushi haiuzwi peke yake? Unapeleka gari linagonga mbele kushoto, ko-ko-ko, fundi hata hajainama anasema, "Bosi, hapo mkono mzima." Mkono mzima! Yaani umekwenda hospitali na kidole kimevimba, daktari anaandika ukatwe kuanzia begani.

Kwa wasiojua, na heri yao, bushi ni mpira uliobanwa kati ya mabomba mawili ya chuma, dogo ndani na kubwa nje. Inakaa kwenye mkono wa chini unaoshika tairi la mbele, ule mafundi wanaouita wishiboni. Kigari changu kidogo, kibebi woka, kina mbili kila upande, ndogo mbele na kubwa nyuma. Zikifa, ukikanyaga breki gari linachungulia nyumba za watu, usukani unakuwa na maoni yake, tairi linalika upande wa ndani kimyakimya mpaka nyaya zinatoka. Na ukipita kwenye rasta za barabara kuu, abiria wanaanza kushika milango na kutaja majina ya Mungu.

Mzungu mmoja, Earle MacPherson, Mmarekani, ndiye aliyesanifu mfumo huu wa mbele tulionao kwenye vigari karibu vyote: shokapu na springi vimesimama pamoja, chini mkono mmoja tu. Ford wa Uingereza wakauingiza kwenye gari lao la Consul mwaka 1950. Mfumo mwepesi, rahisi, vipuri vichache. Simlaumu. Ila nina hakika hakuwahi kuja kwetu msimu wa masika, akakutana na shimo lililojaa maji ambalo kina chake anakijua aliyetangulia tu. Barabara yetu greda linapita pale kiongozi anapokuja. Akiondoka, mashimo yanarudi yakiwa na wageni.

Basi nikasema, mpira wenyewe haufiki hata bei ya mafuta ya wiki. Nabadilisha mwenyewe.

Kariakoo, muuza spea ananiuliza, "Unataka orijino, orijino ya Taiwani, au ya kawaida?" Nikasema orijino. Akaingia ndani, akatoka na boksi. Nikauliza ya kawaida je? Akaingia ndani, akatoka na boksi kaka yake yule, tumbo moja. Kijana wa pembeni naye ananivuta shati: "Mzee, chukua mkono wa mtumba, umetoka Japani huu, umekamilika." Umekamilika na bushi iliyozeeka sawa na yangu, tofauti yake imezeekea ugenini! Mpira hauangalii pasipoti. Unakauka na kupasuka hata gari likikaa gereji. Nikazibonyeza zile za kwenye boksi kwa kucha, nikatazama kama mpira umeshikana na chuma pande zote, nikachukua zangu nikaondoka kabla sijauziwa gari zima vipande vipande.

Duka la vifaa vya ujenzi nikanunua silaha yangu: kipande cha nondo yenye nyuzi, nati zake, washa nene. Nikachagua ile ngumu, maana ile laini ikibanwa sana inavuliwa nyuzi katikati ya kazi, bushi imeingia nusu, haiendi wala hairudi. Nyumbani nina spana za 14, 17 na 19, nyundo, msumeno wa chuma, soketi moja kubwa na kipande cha bomba. Presi ya gereji inafanya nini ambacho hivi havifanyi? Inasukuma. Basi na sisi tutasukuma.

Sasa, jamani, ukitaka kujua idadi halisi ya wanaume wasio na kazi mtaani kwenu, vua tairi moja mbele ya nyumba.

Baba Rehema ndiye wa kwanza. Hana gari, hajawahi kuwa na gari, lakini akapiga magoti akakagua. "Hiyo ipake grisi tu, itanyamaza." Nikamwambia, shehe wangu, hapa hakuna cha kupaka grisi. Bomba la ndani linabanwa na bolti, halizungukii popote. Mkono ukipanda na kushuka ni mpira unaojipinda. Grisi itautafuna. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeona mgonjwa anakataa dawa. Dereva wa bodaboda akashauri tuuchome moto mpira utoke wenyewe. Kweli utatoka, na moshi wake utatoa wapangaji wote. Mwingine akasema apigiwe simu fundi wake wa Temeke. Kila mtu ana ushauri. Nikauliza nani ana stendi ya kuegemeza gari, wote wakaangalia mbinguni.

Na hilo la stendi silifanyii mzaha. Ile jeki ya kwenye buti ni ya kubadilishia tairi, siyo ya kulala chini yake. Mmoja akaleta tofali la saruji. Tofali la mtaani kwetu linapasuka ukiligombeza, litabeba injini? Nikazungushia magurudumu ya nyuma kuni nene, nikapanga magogo chini ya chasi, lile tairi nililovua nikalilaza chini ya gari kwa ajili ya roho yangu. Wakacheka. Wacheke, mimi nina watoto.

Bolti zilitoka kwa maombi na mafuta ya kupenyeza. Mkono ukashuka chini, mweusi. Kabla ya kugusa chochote nikaomba rangi ya kucha ya mama watoto. Ile bushi kubwa ina matundu kwenye mpira, na matundu yale yana upande wake. Ukiiingiza imegeuka, gari litaenda vingine. Kwa hiyo unaweka alama kwenye chuma palipo tundu. "Rangi yangu ya harusi ya dada!" Nikaweka nukta moja tu. Hadi leo naambiwa nilimaliza chupa.

Kuitoa ndiyo kazi yenyewe. Nikatoboa mpira kwa drili ya kuazima kuzunguka lile bomba la ndani, likalegea, likatoka na nyama zake. Likabaki bomba la nje limeng'ang'ania mkono kwa kutu. Hapo unafungua msumeno, unapitisha bleidi ndani ya tundu, unaufunga tena, halafu unakata bomba taratibu kutokea ndani. Taratibu, maana nyuma yake ndiyo chuma cha mkono chenyewe, na hicho hukihitaji kikatwe. Unasikia sauti inabadilika, mlio unakuwa mzito, unaacha. Tindo, nyundo mbili, bomba linajikunja, linatoka. Umati ukashangilia. Baba Rehema akasema, "Nilijua."

Mpya inaingia kwa ile nondo. Soketi upande mmoja ikisukuma ukingo wa nje wa bushi, kipande cha bomba upande wa pili kikiipokea, washa, nati, halafu unakaza. Ukisukuma katikati, kwenye mpira, unaichana kabla haijaona barabara. Nilishasafisha tundu kwa msasa, na bomba la nje la bushi nikalipaka maji ya sabuni. Nati inazunguka robo, bushi inaingia unene wa ukucha, inalia, inasogea. Mikono inawaka moto. Yule wa bodaboda akapata abiria, akamwambia asubiri kidogo.

Ugomvi mkubwa ukaja mwisho, wakati wa kukaza. Mimi nikafunga bolti za mkono kwa vidole tu, nikarudisha tairi, nikashusha gari. Kelele! "Mzee umesahau kukaza!" Sijasahau, jamani. Ukikaza gari likiwa juu, tairi linaning'inia, umeubana mpira katika mkao wa kuning'inia. Ukishusha, unajipinda, na utabaki umejipinda muda wote gari limesimama, mpaka uchanike mapema. Kwa hiyo unashusha kwanza, gari linakaa na uzito wake, ndipo unaingiza mkono na spana unakaza. Nikaeleza hivyo nikiwa nimelala kwenye vumbi, sikio limejaa mchanga, wasikilizaji wangu wakiwa wameshagawanyika kuhusu mpira wa miguu.

Likaacha kugonga. Shida ni kwamba wanangu walikuwa wanausikia mlio ule tangu kona ya duka la mangi, wanazima televisheni, nikifungua mlango nakuta vitabu mezani. Sasa naingia kimya nawakuta na katuni, na mama yao ananilaumu mimi kwa kunyata.

Ukigusa mikono ya mbele lazima ukapime alaimenti, yaani mkao wa matairi, hata kama usukani unaonekana umenyooka. Nikapeleka. Kijana wa pale akalipandisha gari, akashika tairi la kushoto, akalitikisa mara moja, uso umejaa majonzi.

"Mzee," akasema, "hapa bushi zimekwisha. Mkono mzima."

Nikamwomba anipimie tairi tu, nikaenda kukaa kwenye benchi karibu na mama ntilie.