Chenji Yangu ni ya Kabila Gani?

Jamani, hivi siku hizi mtu akidai mia nne yake kwenye daladala lazima kwanza apigwe semina?

Nimepanda Mbagala asubuhi, nimesimama kama kawaida yetu, kwapa la mtu liko puani, nikatoa elfu moja kwa heshima zangu zote. Tunafika Mtoni kwa Aziz Ali, konda ananipita tu. Nikasema, "Mdogo wangu, hela yangu."

Siti ya dirishani kulikuwa na mzee wa miwani. Akageuka. "Hela si neno letu hilo. Ni Heller, sarafu ya Mjerumani. Aliileta 1904, Heller mia zikawa rupia moja."

Konda akadaka hapohapo kama kipa. "Umesikia, bosi? Hela ya Mjerumani. Kamdai Mjerumani!" Gari zima likaangua kicheko, hata suka akageuza shingo.

Nikajikaza. "Haya, nipe pesa yangu."

"Paisa," mzee akasema. "Kihindi."

"Chenji basi!"

"Hicho Kiingereza," akadakia konda, eti naye kasoma.

Hapo ustaarabu ukaanza kunitoka. Nikamwambia nitamfikisha polisi, alale gerezani. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, taratibu, abiria wote tunamsubiri yeye. "Gereza ni la Wareno. Igreja. Maana yake kanisa."

"Amina!" konda akainua mikono na noti zetu vidoleni. "Nipelekeni hata sasa hivi." Mama mwenye ndoo ya samaki akaitikia aleluya.

Foleni haisogei, mzee ndiyo kwanza kapamba moto. Meza ya Wareno, shule ya Wajerumani, serikali ya Waajemi. Hata Kariakoo ninakokwenda, eti ni Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Mwingereza kwenye Vita ya Kwanza. Sawa, mzee wangu, shikamoo, lakini na wale wapagazi walikuwa wanadhulumiwa chenji?

Nimeshuka mikono mitupu. Fungu la nyanya sokoni limebaki nyanya tatu, moja imebonyea. Halafu mwenye nyumba kapiga, anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nikimtajia choo kinachovuja, mtandao unakatika. Nikisema nitatuma kidogo leo, ananisikia vizuri kabisa.