Kusomea kigugumizi hadi uprofesa: Mwanza itapata nini?

Mwambie mzazi wa Mwanza kwamba mwanawe, aliyepata shahada ya afya kwa jasho la ukoo mzima, sasa anataka kusoma mpaka udaktari wa falsafa na mada yake ni kigugumizi. Atakuuliza kama magonjwa mengine yamekwisha. Wala hafanyi kejeli. Kanda ya Ziwa ina watoto wenye mtindio wa ubongo ambao hawajawahi kuonwa na mtaalamu wa tiba ya usemi. Ina wazee waliopotewa na maneno baada ya kiharusi, na watoto waliozaliwa na mdomo sungura ambao baada ya upasuaji wanahitaji kufundishwa kutamka. Fedha za kumsomesha mtu mmoja zikipatikana, kwa nini akamalizie ujana wake kwa watu wanaokwama kwenye silabi?

Wenye shaka hii wana takwimu mkononi. Kigugumizi huwapitia takriban watoto 5 katika kila 100, lakini kwa watu wazima kinabaki kwa mtu mmoja hivi katika 100. Ehud Yairi na Nicoline Ambrose wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwafuatilia watoto tangu muda mfupi baada ya kigugumizi kuanza, jambo ambalo kwa kawaida hutokea kati ya miaka 2 na 4, wakakuta karibu robo tatu yao wanapona wenyewe. Kwa mpangaji wa bajeti, tatizo linalojiondokea kwa watoto watatu kati ya wanne haliwezi kukaa mbele ya foleni.

Hoja yao ya pili inahusu chuo chenyewe. Kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa kamili, ngazi hupandwa kwa makala, na makala zinazohesabika zaidi hutoka kwenye majarida ya nje. Mama wa Sengerema aliyeondoka kliniki akijua la kufanya na mtoto wake hampandishi mtu cheo. Halafu kuna ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Halmashauri isiyo na kada ya tiba ya usemi kwenye ikama yake haiwezi kumwajiri mhitimu wa profesa huyo hata akija na shahada tatu.

Kwa hiyo wanasema: acheni uprofesa, chukueni walimu wa darasa la kwanza wa Nyamagana na Ilemela, wapeni mafunzo ya siku mbili. Hapa ndipo wananivuta kwao, kwa sababu nimeona kinachotokea darasani. Mwalimu anaelekeza fimbo ubaoni, watoto wote wanasoma kwa pamoja, na yule mwenye kigugumizi anasoma nao bila kukwama popote. Dakika mbili baadaye anasimamishwa asome peke yake sentensi ileile, na shingo inakaza, macho yanafumba, neno halitoki. Mwalimu aliyemsikia sasa hivi akisoma vizuri anafanya hesabu yake ya haraka: huyu anafanya makusudi, au hajui kusoma, alikuwa akifuata midomo ya wenzake. Kinachofuata tunakijua.

Kusoma kwa pamoja hulegeza kigugumizi karibu kwa kila mwenye nacho. Kuimba pia, na kusema kwa mdundo. Yupo konda wa daladala za Igoma ambaye ukimsikia akiita abiria, "Igoma-Igoma-Kishiri", hutadhani ana shida yoyote. Muulize nauli, utasubiri. Mwalimu akilijua jambo hilo moja tu, mtoto atapona viboko na kicheko cha darasa kesho asubuhi, na wala hapahitajiki profesa wa kulisema.

Lakini nani alilijua kwanza? Lilijulikana kwa sababu watu walikaa miaka mingi kwenye vyumba vya chuo wakiwasomesha wenye kigugumizi kwa pamoja, peke yao, kwa mdundo, kwa kunong'ona, na kuhesabu. Hata ile robo tatu wanayoitumia wenye shaka kuukataa utafiti ni tunda la utafiti. Na ndani yake mna kitu ambacho kliniki maskini inakihitaji kuliko kliniki tajiri: namna ya kupanga foleni. Wasichana hupona zaidi ya wavulana. Mtoto mwenye ndugu ambao kigugumizi chao hakikuondoka yuko hatarini zaidi, na kadiri miezi inavyopita bila nafuu, matumaini ya kujiponea yanapungua. Mtaalamu mmoja mwenye watoto hamsini mlangoni anaanza na yupi? Bila maarifa hayo ataanza na ambaye mzazi wake ana sauti kubwa.

Tatizo ni kwamba wale walikuwa watoto wa Illinois. Wa kwetu anaweza kuongea Kikerewe na bibi na Kiswahili shuleni, kisha akifika sekondari anasomeshwa kwa Kiingereza. Anaposita, anasita kwa kigugumizi au anatafuta neno la lugha ya pili? Na vipimo vyenyewe vimekatwa kwa vitambaa vya wenzetu. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia ya silabi zilizokwama, na kigugumizi hupenda mwanzo wa neno. Sasa chukua "nitakununulia samaki". Maneno mawili, silabi kumi. Mtoto akikwama kwenye kila neno atapata asilimia 20. Katika lugha ambayo maneno mengi ya kila siku yana silabi mojamoja, anayekwama kwenye kila neno atapata asilimia kubwa zaidi mara kadhaa, na pengine mateso yao ni yaleyale. Ongeza "polepole", "hapahapa", "kidogokidogo". Mpimaji mgeni aliyefundishwa kuhesabu marudio anaweza kuandika ugonjwa mahali ambapo mtoto anaongea Kiswahili chake safi.

Tiba nayo ina kwao. Programu ya Lidcombe, iliyoanza kutengenezwa Sydney, Australia, miaka ya 1980 kwa watoto walio chini ya miaka 6, ni miongoni mwa zenye ushahidi imara. Kwa kifupi, mzazi hukaa na mtoto dakika 10 hadi 15 kila siku, humsifu anaposema vizuri, huandika alama ya siku hiyo, na hufika kliniki kila wiki. Sasa ilete Kirumba. Mama ameondoka alfajiri kuwahi dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni. Baba yuko kambini kisiwani, atarudi mbalamwezi ikiwa kubwa na taa za wavuvi hazina kazi. Mtoto analelewa na bibi, au na dada wa miaka 12. Je, dada huyo anaweza kuifanya kazi ya mzazi wa Sydney? Sidhani kama kuna mtu wa Sydney atakayefunga safari kuja kuliuliza swali hilo.

Na utafiti juu ya Waafrika haungoji sisi tuwe tayari. Mwaka 2015 jeni iitwayo AP4E1 ilihusishwa na kigugumizi baada ya kuchunguzwa familia moja kubwa ya Kameruni. Kazi iliongozwa na maabara ya Marekani. Sina ugomvi na hilo, sayansi ina gharama. Ila mwenye damu alikuwa upande mmoja na mwenye maswali upande mwingine.

Wenye shaka wana silaha moja iliyobaki, nayo ni kali. Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliyekuwa na kigugumizi mwenyewe, aliamini kwamba kinaanzia kwa wazazi wanaoita kusita kwa kawaida kwa mtoto kuwa ni ugonjwa. Mwaka 1939, chini ya usimamizi wake, mwanafunzi wa uzamili Mary Tudor alikwenda kwenye kituo cha yatima mjini Davenport akachukua watoto 22. Baadhi yao waliokuwa wakiongea vizuri waliambiwa wana dalili za kigugumizi na wakawa wanakosolewa kila wanapofungua mdomo. Wakaanza kuogopa kuongea. Habari hiyo ilikaa kimya mpaka gazeti lilipoifichua mwaka 2001, chuo kikaomba radhi, na mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925,000. Wakati huohuo nadharia ya Johnson iliwafanya akina mama wa kizazi kizima wajione ndio waliowaharibu watoto wao.

Tamaa ya kitaaluma ilifanya hivyo, tusiipambe. Mtafiti atakayeanza Mwanza apigwe marufuku kabisa kuanzia kwenye vituo vya watoto yatima au kwa watoto wa mitaani, maana hao ndio wasio na wa kuwasemea. Hata hivyo, aliyeibomoa nadharia ya Johnson hakuwa mganga wala mpangaji wa bajeti. Ilibomolewa na watafiti wengine waliofuatilia watoto na kusoma familia na pacha, wakaona kwamba mzazi hakuwa chanzo.

Kuhusu kufundisha sitakaa sana. Marekani kwenyewe, tangu kanuni zilipolegezwa miaka ya 1990, mwanafunzi anaweza kuhitimu tiba ya usemi bila kumhudumia mwenye kigugumizi hata mmoja. Idara isiyo na mtu wa kulipigania somo hulipunguza kimyakimya. Makerere walianzisha shahada ya tiba ya usemi mwaka 2008, ya kwanza Afrika Mashariki, kwa kutegemea sana walimu wa kujitolea kutoka nje. Mgeni wa kujitolea ana tarehe ya kurudi kwao.

Msimamo wangu basi: asome. Kati ya mada zote za tiba ya usemi, kigugumizi ni rahisi kuanza nacho kwa mfuko mdogo, kwani kinahitaji kinasa sauti, masikio yaliyofunzwa na uvumilivu wa miaka. Kazi ya kwanza iwe kuwafuatilia watoto wa chekechea wa mjini na wa Ukerewe mpaka darasa la tatu, kwa lugha wanazozisema, tujue wangapi wanapona huku kwetu. Mkataba wa ufadhili umfunge kurudi, na ratiba yake chuoni imwekee siku moja ya kliniki kila wiki, wanafunzi wakiwa wamekaa pembeni wanamwangalia. Chuo kikikataa kuiweka siku hiyo kwenye ratiba, fedha ziende kwa walimu wa darasa la kwanza, na mimi nitakuwa upande wa wenye shaka.